Soda ya Mgonjwa na Herufi Nne za Nyuma ya Pakiti



Ndugu zangu katika imani, kila sifa njema ni ya Allah, na rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), ahali zake na maswahaba zake wote.

Darsa la leo ni refu na lina mambo ya hospitali ndani yake. Mwenye mgonjwa wa figo nyumbani asome taratibu. Asiye naye asome vilevile, kwa sababu ipo siku ataenda kumjulia hali mgonjwa wa jirani, na mkononi atabeba mfuko. Huo mfuko ndio ninaoutaka leo.

Huku kwetu Lulindi, kati ya Masasi na Newala, mtu haendi kwa mgonjwa mikono mitupu. Mama zetu walibeba unga wa muhogo, jogoo, mayai ya kienyeji, ming'oko iliyochemshwa ikafungwa kwenye kitambaa, na msimu wa korosho ukifika walibeba korosho zilizobanguliwa nyumbani. Siku hizi tunapitia dukani. Tunabeba soda nyeusi ya chupa kubwa, maziwa ya unga ya kopo, keki za pakiti, nudo za kupikwa kwa dakika tatu. Mwenye uwezo anayetoka mjini anashuka na soseji na kuku wa barafu. Kumtembelea mgonjwa ni haki ya Muislamu juu ya Muislamu mwenzake, na sitaki mtu apunguze hata hatua moja ya safari hiyo. Nazungumzia kilichomo mfukoni.

Nina mjomba. Ninyi ambao ukoo wenu unahesabiwa upande wa baba huenda mkaliona neno hili jepesi. Kwetu sisi Wamakonde, Wamakua na Wayao, mjomba si mtu wa kuja kula pilau harusini akaondoka. Ndiye tunayemwendea jambo la ukoo likitushinda. Huyu wangu amelima mikorosho tangu ujana wake. Kisukari kilimpata akiwa mtu mzima, kikamla figo kimyakimya, na sasa ni mwaka wa tatu anasafishwa damu kwa mashine Mtwara mjini, mara tatu kwa wiki, saa nne kila mara. Anakaa huko kwa binti yake. Lulindi anakuja siku mojamoja tu, "kama mwanafunzi wa bweni," anasema mwenyewe. Amenipa idhini niandike habari zake kwa sharti nisitaje jina. Anasema jina lake liko kwenye mafaili ya kutosha.

Mwaka jana alianza kuwashwa. Mgongo, mikono, miguu, usiku zaidi ya mchana. Hana upele, hana ukurutu, lakini anajikuna mpaka asubuhi shuka lina damu. Halafu mifupa ya miguu ikaanza kuuma kwa ndani. Familia ikakaa kikao, na mnavijua vikao vyetu. Mmoja akasema kuna mtu wana ugomvi naye wa mpaka wa shamba, huyo ndiye aliyemtupia kitu. Mwingine akasema ni jini. Nikaitwa mimi, ustadhi wa familia, nimsomee.

Nilimsomea. Ruqya ni haki, na sitamwambia yeyote aache kumsomea mgonjwa wake. Lakini nilipomaliza nilimuuliza binti yake: majibu ya damu ya mwezi huu yanasemaje? Muwasho usio na upele kwa mtu wa mashine ya figo una sababu zinazojulikana, na haki ya mgonjwa ni kwamba sababu inayojulikana ichunguzwe kabla hatujamshitaki jirani. Mnakijua kile kisa alichokipokea Abu Daud kutoka kwa Jabir (R.A.), cha mtu aliyepasuka kichwa safarini, kisha akaota, akawauliza wenzake kama anayo ruhusa ya kutayamamu. Wakamwambia hana. Akaoga, akafa. Habari ilipomfikia Mtume (S.A.W.) hakuwapongeza kwa kushika dini. Aliwaambia kwamba wao ndio waliomuua, na kwamba ponyo la asiyejua ni kuuliza. Mimi kila nikikumbuka kisa hiki naogopa sana kumjibu mgonjwa jambo ambalo sijalisoma.

Karatasi ya majibu ilikuwa kwenye pochi ya binti, imekunjwa mara nne. Fosforasi: 2.6. Kiwango cha kawaida cha mtu mzima, kwa kipimo hicho cha milimoli kwa lita, ni kama 0.8 mpaka 1.45.

Sasa tusimame hapa kidogo tuelewane. Fosforasi ni madini ambayo Allah ameyaweka mwilini mwetu kwa hekima. Zaidi ya asilimia 80 ya fosforasi yako iko kwenye mifupa na meno, imeshikana na kalsiamu. Tunaipata karibu katika kila tunachokula: samaki, nyama, mayai, maziwa, mbaazi, kunde, korosho. Figo nzima huchukua ziada ikaitoa kwenye mkojo, na wewe hujui kama kuna kazi imefanyika. Figo ikichoka, ziada inabaki kwenye damu. Mwili unahangaika kusawazisha, homoni zinapanda, mifupa inaanza kupoteza kalsiamu yake. Kisha kalsiamu na fosforasi zinakwenda kuganda mahali pasipo pake, kwenye kuta za mishipa ya damu na kwenye moyo, mishipa inakuwa migumu kama bomba kuukuu. Wagonjwa wengi wa figo hawaondoki duniani kwa figo, wanaondoka kwa moyo. Kwa hiyo mtu anayejikuna usiku na kulalamika miguu, msimchukulie kama mzee anayesumbua.

Kuna anayeuliza, si anasafishwa damu mara tatu kwa wiki? Anasafishwa, lakini fanya hesabu nami. Mashine katika kikao kimoja cha saa nne hutoa fosforasi kama miligramu 800 mpaka 1,000. Kwa wiki nzima haifiki zaidi ya 3,000 hivi. Chakula cha mgonjwa aliyejitahidi kina kama miligramu 900 kwa siku, na hiyo ni 6,300 kwa wiki. Si yote inayoingia kwenye damu, lakini hata ikiingia kama asilimia 60 tu, tayari imepita ile inayotolewa. Mashine inafuta iliyoko kwenye damu, na nyingine imejificha ndani ya seli na mifupa. Ndiyo maana wagonjwa wanapewa vidonge vya kuikamata fosforasi tumboni, na ndiyo maana swali la fosforasi gani inaingia mdomoni lina uzito wa uhai.

Tulirudi naye kliniki. Mtaalamu wa lishe, binti mdogo tu, alimsikiliza, kisha hakuanza na nyama wala samaki. Alimuuliza, "Babu, wageni wanakuletea nini?"

Mjomba akahesabu kwa vidole. Soda nyeusi nusu chupa kila jioni, kwa kuwa maji amepimiwa na soda ndiyo raha yake iliyobaki. Kisukari alikuwa amekiweka pembeni kwa fatwa yake mwenyewe. Chai ya maziwa ya unga asubuhi na jioni. Maandazi ya jirani anayeuza mtaani, yale yanayoumuliwa kwa beking poda. Soseji mbili ambazo mjukuu humkaangia. Na siku akitoka kwenye mashine amechoka, hana nguvu ya kungojea ugali, basi nudo.

Na mbaazi je? "Mbaazi nimeacha, mwanangu. Niliambiwa zina fosforasi. Na samaki nimeacha."

Ndugu zangu, mzee aliacha mbaazi za shamba lake mwenyewe, alizokula tangu ananyonyeshwa, akabaki na soseji. Na alifanya hivyo kwa nia ya kufuata masharti! Yule binti alinyamaza kidogo, kisha akatueleza jambo ambalo ninawaomba mlishike kuliko mengine yote ya leo.

Fosforasi zote hazifanani. Iliyoko kwenye mbaazi, kunde, korosho na nafaka imefungwa ndani ya mbegu, na tumbo la mwanadamu halina kimeng'enya cha kuifungua yote. Sehemu kubwa inapita na kutoka. Iliyoko kwenye nyama, samaki na maziwa inaingia zaidi, tuseme kati ya asilimia 40 na 60. Lakini ile inayotiwa kiwandani, fosfeti, ni chumvi iliyo wazi, haijafungwa na kitu. Ikifika tumboni inayeyuka na kuingia kwenye damu karibu yote, asilimia 90 na zaidi. Kwa hiyo miligramu 100 za kwenye mbaazi na miligramu 100 za kwenye soseji, kwa mgonjwa wa figo, si sawa hata kidogo.

Kwa nini wanaitia? Si kwa ubaya. Kwenye soda nyeusi ni tindikali inayotoa ule ukali wake. Kwenye soseji inashika maji na mafuta visiachane. Kuku wa barafu na samaki wa kufungashwa wanaweza kutiwa maji yenye fosfeti ili nyama isikauke, na wewe unalipia maji hayo kwa bei ya kuku. Kwenye maziwa ya unga inazuia yasigande yakikutana na chai. Kwenye beking poda nyingi ndiyo tindikali inayoinua unga. Jibini ya vipande inailainisha. Sheria za chakula zinaruhusu, na mtu mwenye figo nzima anaila akaikojoa. Mamlaka ya Usalama wa Chakula ya Ulaya ilipozipitia upya fosfeti mwaka 2019 iliweka kikomo cha miligramu 40 za fosforasi kwa kila kilo ya uzito wa mtu kwa siku. Kisha ikasema wazi kwamba kikomo hicho hakimhusu mtu ambaye figo zake zimepungua nguvu kwa kiasi cha kati au kikubwa. Wenye kuruhusu wenyewe wamemtoa mjomba wangu kwenye ruhusa yao. Nani alimwambia?

Hapa ndipo nataka kuongea nanyi kama Waislamu.

Sisi ni watu wa kugeuza pakiti. Alhamdulillah. Nimewaona vijana wetu dukani Masasi wanageuza biskuti, wanasoma zile namba za E, wana orodha kwenye simu: E120 rangi ya wadudu, E441 jelatini, E471 mafuta yasiyojulikana asili yake. Hiyo ni taqwa na Allah awazidishie. Lakini Allah alipotuamrisha kula hakutaja halali peke yake, ametaja halali na kizuri pamoja, utaliona hilo katika Suratul Baqara aya ya 168. Jicho letu limefundishwa kutafuta nguruwe. Limeshindwa kutafuta kinachomuua mzee aliyelala chumba cha pili, kilichoandikwa mstari huohuo, namba tatu mbele.

Basi zishikeni. E338 ni tindikali ya fosfori, ile ya soda nyeusi. E339, E340, E341 na E343 ni fosfeti za sodiamu, potasiamu, kalsiamu na magnesiamu. E450, E451 na E452 ni ndugu zao, mtazikuta kwenye soseji, nudo na beking poda. Baadhi ya pakiti zinaandika INS badala ya E, namba ni zilezile. Na ipo E542, fosfeti ya mifupa ya wanyama. Hiyo hata mzima aiulizie, kwa sababu mifupa ni ya mnyama gani na amechinjwa vipi? Asiyeweza kukariri namba atafute herufi nne tu ndani ya maneno marefu ya kizungu: P, H, O, S, zimefuatana. Ukiziona, rudisha rafuni. Mjukuu wa mjomba ana miaka tisa na sasa ndiye mkaguzi wa nyumba. Anapita na kidole chake, "fosi ipo, fosi haipo."

Msitafute idadi ya miligramu, kwa kawaida haiandikwi. Wataonyesha chumvi, sukari, mafuta. Fosforasi kiasi gani, pakiti inanyamaza. Ndiyo maana njia ni kuangalia kama ipo au haipo.

Na hili si wasiwasi wa ustadhi wa kijijini. Kule Ohio, Marekani, watafiti waliwachukua wagonjwa 279 wa mashine ya figo wenye fosforasi ya juu, wakatoa matokeo yao mwaka 2009. Kundi moja waliendelea na huduma ya kawaida. Kundi la pili walifundishwa kitu kimoja tu, kukwepa vyakula vyenye fosfeti za kutiwa, dukani na kwenye migahawa. Baada ya miezi mitatu waliofundishwa walikuwa wameshuka zaidi ya wenzao kwa miligramu 0.6 kwa desilita, ambayo kwa kipimo cha karatasi yetu ni kama 0.2. Si muujiza. Lakini hawakupewa dawa mpya wala hawakufungwa midomo. Walifundishwa kusoma.

Turudi kwenye sunna, maana kuna watu wanaona kumzuilia mgonjwa chakula ni ukatili, au ni kukosa tawakkul. Amepokea Ummul Mundhir (R.A.), mwanamke wa Kiansari, na hadithi yake iko kwa Abu Daud, Tirmidhi na Ibn Majah, kwamba Mtume (S.A.W.) aliingia nyumbani kwake akiwa na Ali (R.A.), na Ali ndiyo kwanza anainuka kutoka kwenye ugonjwa. Kulikuwa na mashada ya tende yametundikwa. Mtume akala. Ali akainuka naye ale. Mtume akamzuia, akimkumbusha kwamba bado hajapona sawasawa. Yule mama akapika shayiri na mboga ya majani, na Mtume akamwambia Ali ale hiyo, ndiyo inayomfaa zaidi.

Tazameni vizuri. Tende! Chakula cha halali, chenye baraka, Mtume mwenyewe anakila papo hapo, na bado anamzuilia mgonjwa, tena mgonjwa ambaye ni Ali, mkwe wake na mpenzi wake. Na mwenye nyumba hakununa kwamba tende zake zimekataliwa. Alikwenda jikoni kupika kingine.

Kwetu alinuna mtu. Mama mdogo, ndugu wa kuzaliwa na mjomba, alitoka Lulindi na gari la alfajiri, ameuza kuku wake wawili, amenunua njiani maziwa ya kopo na soda mbili na keki. Alipofika akaambiwa na mtoto wa miaka tisa, "Bibi, hii ina fosi." Unaweza kufikiria. Alikaa sebuleni hakuongea mpaka Magharibi. Kisha akasema, na sauti yake ilikuwa inatetemeka, "Kaka yangu anakufa na ninyi mnamkataza hata soda." Hakuna aliyemjibu. Kwa kweli jibu lake si la haraka, kwa sababu mama yule hakuleta soda. Alileta kuku wake wawili na usingizi wake wa usiku. Mjomba ndiye aliyesema naye. Alimwita chumbani, akafunua mkono wa kanzu, akamwonyesha mikwaruzo, mingine mipya mingine imeshakauka. "Dada, hii ndiyo soda yangu." Mama mdogo alilia, kisha akauliza kinachofaa kupikwa.

Wenye wagonjwa, msiwaachie watoto kazi ya kumkatalia mtu mzima. Piga simu kabla mgeni hajaondoka kwake. Mwambie kwa adabu: mgonjwa wetu daktari amemkataza vya pakiti, njoo, tunakutamani, ukitaka kubeba kitu beba hiki. Watu wetu wanaelewa wakiambiwa mapema. Wakiambiwa mlangoni wanaumia.

Kilichobadilika jikoni hakikuwa kikubwa. Maandazi sasa binti anapika mwenyewe kwa hamira, ile ya chembechembe ya kuumulia mkate, si beking poda. Chai ni ya rangi yenye mdalasini, na siku akitaka maziwa anawekewa kidogo ya ng'ombe, kwa sababu maziwa hata ya asili yana fosforasi yake. Soseji zimetoka. Kuku ni wa kuchinjwa siku hiyo, kipande kimoja. Samaki wamerudi, wabichi kutoka feri, kwa sababu mtu wa mashine anahitaji protini kuliko mtu wa kawaida, na mzee alikuwa amekonda kwa kuogopa samaki wakati anakula soseji. Mbaazi zimerudi mara mbili kwa wiki, zinalowekwa usiku, maji yanamwagwa, zinachemshwa kwa maji mengine na hayo pia yanamwagwa.

Hapo kwenye kumwaga maji nieleze kidogo, kwa sababu ninajua kuna atakayesoma nusu akakimbia kumpa mgonjwa wake bakuli la korosho. Figo iliyochoka inashindwa pia kutoa potasiamu, na potasiamu ikipanda inasimamisha moyo ghafla. Korosho, kisamvu, ndizi, muhogo, ming'oko yetu, vyote vinayo. Kuvikata vipande, kuvichemsha kwenye maji mengi na kuyamwaga kunapunguza. Korosho haimwagiwi maji, kwa hiyo mjomba, mkulima wa korosho, anapewa punje chache siku anayoruhusiwa, na anazila mojamoja kama dawa. Na ile chumvi inayouzwa kuwa ya afya kwa wenye presha, nyingine imetengenezwa kwa potasiamu. Kwa mgonjwa wa figo hiyo ni hatari, isiingie nyumbani. Tena mgonjwa ambaye hajafika kwenye mashine masharti yake ya protini ni tofauti na ya mjomba. Nendeni na karatasi ya damu kwa daktari wenu, msinifanye mimi daktari.

Vile vidonge vya kukamata fosforasi navyo nimeviona vinamezwa ovyo. Mzee alikuwa anavimeza usiku kabla ya kulala, vyote kwa pamoja, "nivimalize." Kidonge hicho kazi yake ni kukutana na chakula tumboni. Kinaliwa pamoja na mlo, katikati ya matonge. Ukikila tumbo likiwa tupu hakina cha kukamata.

Na mfungo, kwa kuwa mtauliza. Mgonjwa wa mashine ambaye daktari amemzuia kufunga, na hana matarajio ya kupona, analisha masikini kwa kila siku, na Allah ameyaweka hayo katika aya ya 184 ya Suratul Baqara. Asione haya. Mjomba Ramadhani iliyopita alikuwa anakaa na wenzake kwenye futari, anakula uji wake wa mtama na tonge lake, na soda za jamvini zinampita. Kuna kijana alimsukumia glasi kwa ukarimu. Akaifunika kwa kiganja, akasema Alhamdulillah.

Wengine wanasema haya mambo ya hospitali tumeyaiga. Wazee wa hapa Lulindi walikuwa wakisimulia habari za Dakta Leader Stirling, Muingereza wa misheni aliyekuja nchini 1935, akapasua watu hapahapa Lulindi miaka mingi, na baadaye akawa Waziri wa Afya wa Tanzania. Bibi zetu Waislamu walipanga foleni kwake na tasbihi mkononi. Hawakuona imani yao imepungua.

Baada ya miezi miwili karatasi iliandika 2.1. Baada ya minne, 1.8. Haijafika kwenye kawaida, na daktari anasema huenda isifike. Anajikuna bado, siku za joto zaidi, lakini shuka ni jeupe. Analala. Mtu aliyelala usiku anaamka kuswali Alfajiri akiwa na akili yake, na mjomba ameanza tena kuamua kesi za ukoo kwa simu, ikiwemo ile ya mpaka wa shamba. Yule jirani aliyeshitakiwa kwa jini alimtembelea mwezi uliopita.

Ameniomba niwaandikie ninyi mnaopanga kwenda kumwona baada ya mauzo ya korosho. Anasema msibebe chupa wala kopo. Kama lazima mkono uwe na kitu, anakuambieni kinachomlemea ni nauli. Kwenda na kurudi mara tatu kwa wiki, pamoja na mtu wa kumsindikiza. Baada ya hapo ni sabuni, kwa sababu mashuka yanafuliwa sana, na mafuta mazito ya kupaka ngozi. Yule jirani alifika na mche mzima wa sabuni, na nauli ya siku mbili kwenye bahasha. Mjomba aliifungua bahasha mbele yake, akacheka, akamwita binti yake aongeze maji kwenye ugali, mgeni analala.

Allahumma washifie wagonjwa wetu na wagonjwa wa Waislamu wote. Amin.

Wassalaam alaykum warahmatullahi wabarakaatuh.